Nyuzi Mia

Niliandika ubaoni kama nilivyoandika mwaka jana,
na mwaka juzi, na miaka kumi na saba kabla yake:
Maji huchemka kwa nyuzi mia.
Nikapigia mstari. Nikasema, "Nakilini."
Kalamu arubaini na tisa zikakwaruza kwa pamoja
kama kuku penye chenga za mchele.

Ya hamsini haikugusa daftari.

"Kila mahali, mwalimu?"
Rukaiya Shemkai, dawati la nyuma, upande wa dirisha,
mgeni wetu hapa Duga, kaletwa kwa shangazi mwezi wa pili,
bado anavaa sweta la Lushoto katika joto la Tanga.

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa ulimini,
limeshavaa viatu.
Miaka yote hiyo mtoto akiuliza, mimi hujibu,
na swali hufa papo hapo,
halikaliwi hata matanga.

Nikalibana kwa meno.
"Kwa nini wauliza?"

"Maharage. Kule kwa bibi tunayabandika alfajiri,
mpaka adhuhuri bado yanagonga sufuria.
Kwa shangazi, jua halijafika utosini
tumeshatia tui."

Darasa likalipuka.
Kuni za kule mbichi! Huyo Mbwana, hajui kuinua mkono.
Maharage yenyewe ya zamani, akasema Tatu,
mama yake ana genge Ngamiani,
yaliyolala ghalani anayajua kwa ganda.
Baridi. Sufuria nene. Au bibi mwenyewe
husahau kuchochea.
Nikaandika yote, hata hilo la bibi.
Nafasi ilipokwisha
nikafuta sentensi yangu.

Mkuu wa shule akachungulia.
"Mwalimu Semhando, kuna nini humu?"
"Maharage," nikasema.
Akatazama ratiba ukutani, ratiba ikasema Sayansi,
akaondoka taratibu, mikono nyuma.

Utajuaje kuwa si kuni?
Utajuaje kuwa si ghala?
Kila aliyeleta sababu akadaiwa njia ya kuipima,
wakanyang'anyana, wakakatana maneno,
wawili wakanuniana kwa ajili ya mfuniko,
mpaka Mbwana, yule yule wa kuni mbichi, akasema:
"Tuache maharage, tushike maji.
Maji hayana uzee."

Nikaegemea mlango.
Hilo sikumfundisha mimi.

Likizo ya Juni, kipimajoto cha shule,
kimoja tu, cha kabati lenye kufuli mbili,
kikapanda basi ndani ya soksi:
Mombo, kisha Soni, kona juu ya kona.
Sahihi ya kukitoa ni yangu.
Kila usiku nilisikia kioo kikipasuka.

Akarudi nacho kizima, na ukurasa wa daftari:
Jumatatu, tisini na tano.
Jumanne, tisini na tano.
Jumatano bibi kapima mwenyewe, tisini na tano,
na chini yake, kwa mwandiko mwingine, mkubwa, wa kukandamiza:
*Na mimi si msahaulifu.*

Tulicheka hadi Tatu akashika mbavu.
Nami nikachukua chaki. Sasa, nikajiambia,
sasa ndipo penyewe: mwinuko, uzito wa hewa,
nimevumilia vya kutosha, niacheni nijibu.

Mkono juu. Mbwana. Safari hii kauinua.
"Na kama kipimajoto kinadanganya?
Mbona hatujakijaribu hapa?"

Jiko la mkaa, nyuma ya darasa.
Hamsini na mimi, tukipokezana mvuke usoni.
Maji yakatokota, yakaruka, yakamwagika makaani.
Rukaiya akainama, akasoma,
akafuta kioo kwa mkono wa sweta, akasoma tena.

Tisini na tisa.

Wakanigeukia wote,
na nyuma yao, kupitia dirishani,
ubao niliokwisha kuufuta.

Nikarudisha chaki mfukoni.
"Haya," nikasema. "Semeni."